Ioni Hazikatwi: Kwa Wenzangu Mnaokwenda TP ya Kemia

Hoja yangu ni fupi, na nitaiweka hapa mwanzoni ili asiye na muda asome aya hii tu. Namna tunavyofundisha mlinganyo halisi wa ioni, ule ambao darasani unaitwa "net ionic equation", inawapa wanafunzi alama za swali na kuwanyima Kemia yenyewe. Tunawakaririsha hatua nne, ya mwisho ikiwa "kata zinazofanana pande zote mbili", halafu tunasema tumefundisha. Sisi tunaojiandaa kuwa walimu tunaweza kubadilisha jambo hili TP ijayo, bila kusubiri maabara mpya wala waraka kutoka wizarani.

Nasoma ualimu, Kemia na Baiolojia. TP yangu ya mwisho niliifanya katika shule moja ya sekondari katikati ya jiji, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Soko la Kariakoo. Jina la shule naliacha, maana nitakayoeleza ungeyakuta karibu popote. Nilipewa Kidato cha Tatu, mikondo miwili, mkondo mmoja ukiwa na wanafunzi zaidi ya themanini. Mada: milinganyo ya kikemikali. Mwenye somo alinikabidhi daftari lake la notisi na kuniambia, "Hii ni rahisi dogo, wape hatua, wape mifano sita, songa mbele. Mole concept ndiyo itakayokutoa jasho."

Wengi wetu tulifundishwa hivyo hivyo, na madesa yanayozunguka hapa chuoni yanasema hivyo hivyo.

Hatua nne na kinachokosekana

Kwa wasiosoma sayansi, naomba dakika mbili. Chukua myeyusho wa kalsiamu kloraidi, uuchanganye na myeyusho wa sodiamu kaboneti. Vyote viwili havina rangi, unaweza kudhani ni maji. Ukivichanganya, papo hapo vinakuwa vyeupe kama maji ya tui, na ukiacha bika itulie, unga mweupe unashuka chini. Hatua ya kwanza inamtaka mwanafunzi aandike mlinganyo wa kawaida na kuusawazisha:

CaCl₂ + Na₂CO₃ → CaCO₃ + 2NaCl

Hatua ya pili, aweke alama za hali: kipi kimeyeyuka katika maji, kipi ni kigumu. Hatua ya tatu, avivunje vilivyoyeyuka kuwa ioni:

Ca²⁺ + 2Cl⁻ + 2Na⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃ + 2Na⁺ + 2Cl⁻

Hatua ya nne, akate zilizo sawa kushoto na kulia. Kinachobaki ndicho jibu:

Ca²⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃

Zilizokatwa, yaani sodiamu na kloraidi, zinaitwa ioni watazamaji. Mwisho wa somo.

Hatua hizi hazina kosa. Ukizifuata unapata jibu sahihi. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anaweza kuzifuata zote, akapata tiki ya mwalimu, na kichwani mwake ikabaki picha isiyo ya kweli hata kidogo. Siku ya pili ya mada hiyo msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akauliza, "Ticha, hizo ulizozikata zimeenda wapi?" Darasa likacheka. Mwenzake akamjibu kwa sauti, "Si zimekufa!"

Mimi sikuona kichekesho. Neno "kata" ndilo lililowafikisha hapo. Katika hesabu ukikata tano juu na tano chini, tano haipo tena. Mwanafunzi anabeba maana hiyo hiyo mpaka kwenye Kemia: anaona mstari wa kalamu nyekundu juu ya Na⁺, na anaamini sodiamu imeondoka kwenye bika.

Kipindi kilichofuata tuliuchuja ule mchanganyiko kwa karatasi ya chujio. Unga mweupe ukabaki juu ya karatasi. Maji safi yaliyopita tukayaweka kwenye kibakuli cha kaure juu ya moto, tukasubiri. Baada ya maji kukauka kibakuli kilibaki na ukoko mweupe wa chembe chembe. Nikawaambia: hamruhusiwi kuonja kitu chochote cha maabara, lakini hii ni chumvi, ya aina ile ile mnayoiweka kwenye chipsi pale nje. Hizi ndizo zile zilizo"kufa". Sodiamu na kloraidi zilikuwepo mwanzo, zikawepo katikati, zipo mpaka sasa. Hazikushika mkono wa mtu, basi.

Kazi ile ilichukua kipindi kimoja, bika mbili na kibakuli kimoja kwa darasa zima.

Chupa ya maji ya Msimbazi

Mtu akikuuliza kwa nini tuandike ioni badala ya majina kamili ya chumvi, mpeleke kituo cha mwendokasi cha Msimbazi, umnunulie maji kwa machinga. Kabla hajafungua kizibo, mwambie asome lebo. Atakuta orodha: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kloraidi, salfeti, floraidi, kila moja na miligramu zake kwa lita. Hatakuta "sodiamu kloraidi" wala "magnesiamu salfeti".

Kwa nini? Kwa sababu ndani ya chupa ile hakuna kitu kama sodiamu kloraidi. Chumvi ikishayeyuka, sodiamu haina tena kloraidi yake. Kila ioni inaelea peke yake, imezungukwa na molekuli za maji, na haikumbuki ilikuja na nani. Aliyepima maji yale hakuwa na njia ya kujua kama kloraidi ilitoka kwenye chumvi ya sodiamu au ya kalsiamu, na wala haikumhusu. Alipima kilichopo. Lebo ya maji ya mtaani, kwa maneno mengine, inaeleza yaliyomo kwa usahihi kuliko mlinganyo wa hatua ya kwanza tunaouandika ubaoni.

Na jambo hili lina uzito kwa watu. Waulize wanachuo wenzetu waliokulia Arusha na Meru kuhusu meno ya kahawia. Kinachosababisha ni ioni moja tu, F⁻, iliyozidi kwenye maji ya chemchemi na visima vya huko. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Haijalishi floraidi hiyo ilitoka kwenye mwamba ikiwa imeambatana na nini. Ukitaka kuiondoa unafikiria ioni ipi nyingine itaishika na kushuka nayo chini, na hapo tayari unaandika mlinganyo wa ioni kichwani, hata kama hujashika kalamu.

Mfano wa karibu zaidi ni maji ya kisima katika maghorofa ya Kariakoo na Ilala. Tunayaita yote "maji ya chumvi", yale yenye ladha ya chumvi na yale yanayokataa povu la sabuni. Lakini sabuni kugoma kunatokana hasa na Ca²⁺ na Mg²⁺. Ioni hizi zinaishika sehemu ya sabuni inayosafisha na kutengeneza utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Kaboneti iliyomo kwenye magadi ikitiwa humo, inaishika kalsiamu na kushuka nayo: Ca²⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃. Ni mlinganyo ule ule wa darasani! Ndiyo faida yake kubwa. Mlinganyo mmoja wa ioni unaeleza bika ya maabara, beseni la kufulia na ukoko wa ndani ya birika, kwa sababu umeacha nje kila kisichohusika.

Kukata kibubusa kunavyoponza

Turudi kwenye mtihani, maana najua wengi mnasema, "Sawa, lakini NECTA inataka jibu." Hata kwa kipimo hicho, kukariri hatua hakutoshi. Makosa mawili niliyoyaona mara nyingi zaidi nikisahihisha madaftari ya mikondo yote miwili yanatoka humo humo.

La kwanza: mwanafunzi anavunja kila kitu. Ukimpa mawe ya chokaa na asidi ya haidrokloriki anaandika Ca²⁺ na CO₃²⁻ kushoto kana kwamba jiwe lile limeyeyuka kwenye maji. Halafu anakata Ca²⁺ pande zote mbili, na kubaki na CO₃²⁻ + 2H⁺ → H₂O + CO₂. Sasa kwa mwandiko wake kalsiamu ni mtazamaji, wakati mbele ya macho yake jiwe zima linaliwa na asidi. Mlinganyo unaotakiwa ni huu:

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂

Ule wa kwanza ungekuwa sahihi kama angetumia myeyusho wa sodiamu kaboneti. Tofauti ya milinganyo hii miwili ni tofauti ya vitu viwili unavyoviona kwa macho, jiwe na maji. Asiyeangalia bika hawezi kuipata kwa hatua nne.

La pili: mwanafunzi anavunja asidi dhaifu. Siki ina asidi ya ethanoiki, na sehemu kubwa ya molekuli zake ndani ya maji zinabaki nzima. Chache tu ndizo zinazoachia H⁺. Kwa hiyo siki ikikutana na kaboneti iliyoyeyuka tunaiandika nzima:

CO₃²⁻ + 2CH₃COOH → 2CH₃COO⁻ + H₂O + CO₂

Aliyekariri "vunja asidi" anaivunja hii pia. Ukimuuliza kwa nini siki unaitia kwenye kachumbari na asidi ya betri inatoboa suruali, hana cha kusema, ingawa jibu lilikuwa pale pale kwenye mlinganyo wake.

Kama bado unaona hii ni mikwaruzo ya kitaaluma, fikiria bariamu. Ioni ya Ba²⁺ ni sumu. Hata hivyo hospitalini mgonjwa anayepigwa eksirei ya tumbo anaweza kupewa anywe uji mweupe wa bariamu salfeti, na anatoka salama. Anatoka salama kwa sababu BaSO₄ haiyeyuki, hata kwenye asidi ya tumboni. Inabaki kigumu, inaonekana kwenye picha, inatoka nje kama ilivyoingia. Sasa badilisha salfeti kwa kaboneti. Nayo ni unga mweupe, nayo kwenye maji matupu karibu haiyeyuki. Lakini tumboni kuna H⁺:

BaCO₃ + 2H⁺ → Ba²⁺ + H₂O + CO₂

Bariamu imeachiwa. Bariamu kaboneti imewahi kutumika kama sumu ya panya, na mlinganyo huu mfupi ndio maelezo yake yote. Yule msichana wa dawati la nyuma aliniambia anataka kwenda chuo cha afya. Vyuo vya uuguzi, famasia na utabibu havimpokei asiyefaulu Kemia na Baiolojia, kwa hiyo alama zake ni muhimu, sibishi. Lakini siku moja atakuwa ndiye anayesoma lebo ya kopo kabla ya kumpa mtu. Siku hiyo nataka ajue kuwa herufi moja baada ya fomula, "s" au "aq", inaweza kumuua mgonjwa.

Mwenye ioni alipewa alama za mwisho

Wazo lenyewe halikuingia duniani kirahisi, na wanafunzi wanapenda kulijua hili. Neno "ion" lilianza kutumiwa na Michael Faraday mwaka 1834, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kwenda. Lakini kwamba chumvi ikiyeyuka inaachana yenyewe kuwa ioni, bila kusubiri umeme, hilo lilidaiwa na Svante Arrhenius katika tasnifu yake ya mwaka 1884 huko Uppsala, Sweden. Wasahihishaji wake hawakuridhika. Walimpa daraja la chini, kwa lugha yetu alipona kusup. Mwaka 1903 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa wazo hilo hilo.

Moja ya mambo yaliyolipa nguvu wazo lake ni joto. Changanya asidi kali na besi kali, jozi yoyote: haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi, au naitriki na potasiamu haidroksaidi. Kwa kila moli ya maji inayotengenezwa, joto linalotoka ni karibu lile lile, kama kilojuli 57. Kama kila jozi ingekuwa mmenyuko wake wa pekee, kwa nini joto lilingane? Linalingana kwa sababu mmenyuko ni mmoja tu: H⁺ + OH⁻ → H₂O. Sodiamu, potasiamu, kloraidi na naitreti zimekaa jukwaani. Kipimajoto kinakubaliana na kalamu. Mwanafunzi akiliona hili hawezi tena kukwambia kuwa mlinganyo wa ioni ni mchezo wa kukata herufi.

Nimesema jukwaani. Neno "mtazamaji" kwa kweli ni zuri sana kwetu, kuliko "spectator" lilivyo kwa mtoto wa Kidato cha Tatu ambaye hajawahi kulisikia popote. Klabu za Simba na Yanga zote zina makao hapa hapa, moja Mtaa wa Msimbazi, nyingine Jangwani. Mtoto wa Kariakoo anajua kuwa ripoti ya mechi inaandika nani kafunga, haiandiki majina ya mashabiki wote wa Uwanja wa Mkapa. Na anajua pia kuwa mashabiki wale hawajafa. Filimbi ya mwisho ikilia, wote wanarudi Kariakoo kwa kelele.

Lugha

Hapa ndipo baadhi yenu mtanikunjia uso. Sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na mkaguzi wa TP akikukuta unaeleza kwa Kiswahili anaweza kukukata alama. Naijua kanuni hiyo. Pia najua kuwa Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, ile ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kifike sekondari, na haikutekelezwa. Sikusudii kumaliza mjadala huo kwenye jarida la wanafunzi.

Ninachosema ni kidogo zaidi. Mlinganyo wa ioni haujaandikwa kwa Kiingereza. Ca²⁺ ni Ca²⁺ Dar es Salaam, Bujumbura na Beijing. Alama "aq" yenyewe imetoka neno la Kilatini la maji. Alama ya fedha, Ag, na ya sodiamu, Na, zote za Kilatini. Kwa hiyo unachoandika ubaoni kinabaki vile vile mtihani unavyotaka. Swali ni maneno gani unayotumia kumwonyesha mtoto kinachotokea ndani ya maji, na hayo ndiyo naona yanastahili kuwa maneno anayoyafikiria. Tangu mwaka 1990 tuna Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, kwa hiyo asituambie mtu kuwa istilahi hazipo.

Lakini pia tusijidanganye kuwa Kiswahili kitamaliza kila kitu. Kina mitego yake, na mwalimu lazima aijue. Tunasema barafu imeyeyuka juani na sukari imeyeyuka kwenye chai, kitenzi kimoja, wakati kwa Kemia ni mambo mawili. Barafu imebadilika hali tu. Sukari imesambaa ndani ya maji, molekuli nzima nzima. Chumvi imesambaa na kuachana kuwa ioni. Hayo ni matukio matatu kwa neno moja. Na neno "chumvi" lenyewe: kwa mama ntilie ni kitu kimoja, kwa mkemia ni familia nzima, pamoja na mrututu, ambao ukiuonja utajuta. Nilitumia nusu kipindi kuvitenganisha hivi na sikujutia. Mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza kitupu hagusi mitego hii kabisa, na wanafunzi wanaendelea nayo kimya kimya mpaka Kidato cha Nne.

"Muda hautoshi, vifaa hakuna"

Pingamizi hili ni la kweli, na sitalijibu kwa maneno matamu. Darasa la watu themanini na bika tano si sawa na picha za kitabuni. Muda nao, kati ya mitihani ya wiki, ya mkoa na ya mock, unabana.

Lakini hesabu muda kwa ukamilifu. Kidato cha Nne kuna mtihani wa vitendo, na humo kuna kuchunguza sampuli: tia fedha naitreti, ukiona mashapo meupe andika kloraidi, tia bariamu kloraidi, ukiona meupe andika salfeti. Wanafunzi wanakaririshwa jedwali zima la rangi kama wanajifunza namba za daladala. Kila mstari wa jedwali lile ni mlinganyo mmoja wa ioni. Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl. Ba²⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄. Anayeelewa kwamba ioni zilizoyeyuka zinajitegemea anajua pia kwa nini kipimo cha kloraidi hakijali kama sampuli ni ya sodiamu au ya potasiamu. Vipindi viwili unavyotumia Kidato cha Tatu unavirudisha mwaka unaofuata, na chenji inabaki.

Kuhusu vifaa, mimi nilikwenda sokoni. Magadi yapo kwa kila muuza viungo. Siki ipo kila duka. Misumari, Gerezani. Mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya bluu, nilipata kwa muuza dawa za asili. Vyote havikufika shilingi elfu tano. Kwa mrututu chukua tahadhari: ni sumu, unabaki mikononi mwa mwalimu, na wanafunzi wanatazama tu. Ukizamisha msumari uliosuguliwa vizuri ndani ya myeyusho wake, baada ya dakika chache unavaa koti la shaba nyekundu, na ukiacha muda wa kutosha bluu inapauka. Fe + Cu²⁺ → Fe²⁺ + Cu. Salfeti iko pale pale, haina rangi na haina habari. Wanafunzi wenyewe walisema ni mtazamaji kabla sijaandika chochote ubaoni. Walimtambua kwa macho, na bado hakuna aliyekuwa amekata kitu.

Ninachopendekeza

Ndugu zangu wa Elimu, TP ijayo jaribuni mambo manne.

Moja, anzeni na orodha ya wakazi. Kabla ya mlinganyo wowote, mwanafunzi aandike ndani ya bika hii kuna nini hasa: ioni zipi, molekuli zipi, kigumu kipi. Halafu aandike orodha ya pili baada ya kuchanganya. Alinganishe. Waliobadilika ndio wanaoingia kwenye mlinganyo. Jibu ni lile lile la hatua nne, ila limetoka kwenye bika.

Mbili, futeni neno "kata". Semeni "hawajabadilika" au "watazamaji". Mkiwaacha nje ya mlinganyo, waulizeni wanafunzi wako wapi sasa. Asiyeweza kujibu hajamaliza swali, hata kama mlinganyo wake ni sahihi.

Tatu, fanyeni jaribio moja tu kwa mada nzima, lile la kuchuja na kukausha. Likishindikana, pitisheni chupa tupu ya maji darasani wasome lebo.

Nne, kwenye maswali ya darasani changanyeni makusudi yale yanayokataa kukariri: jiwe dhidi ya myeyusho, siki dhidi ya asidi kali, na angalau swali moja ambalo hakuna mmenyuko wowote. Kwa mfano sodiamu kloraidi na potasiamu naitreti. Ioni zote nne zinabaki kuelea kama zilivyokuwa. Aliyezoea kukata atakata kila kitu na kubaki na mshale peke yake, na atadhani kakosea. Mwacheni akae nalo kidogo kabla ya kumwambia kuwa kapatia.

Na sisi tuliopo hapa chuoni tuanze kabla ya kwenda. Kwenye zile semina za njia za kufundishia, badala ya kupeana zamu ya kusoma slaidi, kila mmoja alete mlinganyo mmoja wa ioni na kitu cha Kariakoo kinachouonyesha. Mimi naanza na magadi na siki. Wa Fizikia na Hesabu mnakaribishwa pia, chai ni juu ya wa Kemia, boom likishaingia.